Chumba Kikavu cha Kawangware

Mama Achieng',

Mvua imeisha. Naanza na hilo kwa sababu wewe ungekuwa wa kwanza kuuliza. Imeisha, jua limerudi, na mtaa wangu wa Mashimoni wote unanuka kama nguo iliyosahaulika ndani ya beseni. Nimechoka, Mama. Naamka nimechoka, naenda kazini nimechoka, na nikirudi nakaa kitandani na viatu miguuni mpaka nikumbuke kuvivua.

Leo ni Jumapili. Niko kwako Kawangware, kwenye meza yako ya kulia chakula. Baba Achieng' amesinzia kwenye kiti chake, redio imewaka na hakuna anayeisikiliza. Achieng' yuko kanisani. Nilikuja kufagia chumba cha nyuma, maana watu wa mwisho waliokimbilia humo mafuriko wameondoka wiki hii. Nimefagia, nimepiga deki, nimefungua dirisha, halafu nikashindwa kurudi nyumbani. Nikaomba karatasi.

Nina habari ya mabomba yako, yale ya matope ya ziwa. Hukupenda mtu akuzungushe, kwa hiyo nitasema mara moja: mengi yameharibika. Bomba refu limekwenda kabisa. Sikuandikii kuomba msamaha. Nakuandikia kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayeweza kumweleza jambo hili akaelewa pande zote mbili.

Unakumbuka soko la Toi? Nilikuwa nauza mitumba, soksi na sidiria na vitu vidogo vidogo, nimetandika gunia chini. Ukachuchumaa mbele yangu, mama mzima na mkoba wa kazini, ukavuta soksi ya nailoni na kuinyoosha ukilitazama jua kupitia ndani yake.

"Nataka yenye matundu madogo kuliko hii," ukasema.

"Mguu wako ni saizi gani, mathe?"

"Si ya mguu. Ni ya matope."

Yule jirani yangu wa viatu alicheka mpaka akakaa chini. Wewe hukucheka. Ulinieleza pale pale, umechuchumaa, kwamba unachuja matope ya ziwa upate vipande vya mkaa vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, na kwamba mkaa ule ni wa moto uliowashwa na watu waliokufa zamani sana. Nikajua umepagawa. Lakini uliporudi nilikuwa nimekuwekea soksi nzuri pembeni, na nilikuwa na maswali. Ukaniuliza nilisoma mpaka wapi. Nikakwambia nilimaliza fomu four, na bayolojia ndiyo somo pekee lililonipendeza. Hivyo ndivyo nilivyoingia maabara, kwanza kuosha vyombo, halafu, baada ya kunitazama muda mrefu, ukanikalisha mbele ya hadubini, ukaninyamazia nijionee mwenyewe.

Kila nikifunga macho nakuona kwenye lile ziwa letu dogo la Bonde la Ufa. Tumesimama juu ya chelezo cha mapipa, wote wanne tumelalia bomba kwa uzito wetu ili lizame chini, na wewe unapiga kelele, "Sukumeni! Matope hayaumi!" Kisha tunalivuta, tunalipasua katikati kwa urefu kama muwa, na ndani miaka imepangana. Matope meusi, hapo mvua ilikuwa nzuri na ziwa lilijaa. Matope meupe yenye chumvi, hapo ziwa lilikauka likabaki dimbwi. Halafu ulikuwa ukinipeleka ufuoni, kwenye mashimo ya wale wenzetu wanaochimbua mambo ya kale, ukinionyesha kwa kidole jivu katikati ya mafiga matatu. Maji yaliposhuka, majiko yalishuka nyuma yake. Maji yaliporudi, majiko yalipanda mlima. Nililipenda hilo. Niliona kama nawatazama wakitembea, wamebeba vyungu.

Lakini chini kabisa ya lile bomba refu kulikuwa na ule mstari mweupe mnene kama kiganja. Ukame mrefu kuliko mwingine wote. Na kwa kipindi hicho ufuoni hakukuwa na jivu lolote, si bondeni wala mlimani. Juu yake kidogo, majiko yanaonekana tena. Unakumbuka siku Daktari, yule kijana aliyetoka kusoma ng'ambo, aliposimama kwenye mkutano akasema jamii ile ilistahimili, kwa sababu baada ya ukame tunawaona tena wakipika? Ulimsikiliza mpaka mwisho. Kisha ukamuuliza kwa sauti ya chini:

"Ni wale wale?"

Akaketi. Wewe pia ulikuwa hujui. Kwenye gari tukirudi Nairobi, tulipofika juu ya bonde, ukaniambia, "Nekesa, kustahimili ni neno la mtu aliyekaa pakavu. Tusiliandike haraka."

Halafu ukaanza kukonda.

Sitasimulia ugonjwa. Ulikuwepo, uliujua kuliko sisi. Nasema tu kwamba chumba cha kazini kilipohitajiwa na watu wengine, na mabomba yakakosa pa kukaa, ulikuwa huwezi tena kupanda ngazi, lakini ulisimama getini kwako na shuka mabegani ukiyahesabu moja moja yakiingia. Chumba cha nyuma ulikuwa umekijenga kwa ajili ya mpangaji. Mawe ya kuchonga, sakafu iliyoinuliwa, mabati mapya. Mpangaji hakuingia, yakaingia matope. Ulimwambia Baba Achieng' mbele yangu, "Usimpe mtu chumba hiki mpaka Nekesa amalize kazi." Akakubali. Baba Achieng' hakuwahi kukukatalia kitu, na siku hizo angekubali hata umwambie aihamishe nyumba.

Tulikuzika kwenu Nyanza wakati wa kiangazi. Hukuona, kwa hiyo nakwambia: udongo ulikuwa mgumu mpaka vijana wakaleta mtaimbo. Ng'ombe walikuwa wamebaki mifupa. Shemeji zako walikuwa wanaomba radhi kwa kukosa maziwa ya chai, kana kwamba ukame ni utovu wa adabu. Nilisimama pale nikafikiria mstari mweupe, nikajichukia kwa kufikiria kazi kaburini. Baadaye nikaona kwamba wewe usingechukia.

Mvua ikaja mwishoni mwa mwaka huo. Redioni waliiita Elinino, na kwa siku za kwanza watu wa Mashimoni walifurahi, vumbi lilikuwa limetuua. Watoto walioga barabarani. Wagombea wa kura walipita wakisifu mvua kana kwamba wameileta wao. Kisha haikuacha. Vyoo vikajaa, vikamwagika, maji yakapita mlangoni kwangu na kila kitu cha jirani. Mto ulianza kula ukingo. Tuliweka magunia ya mchanga, tukachimba mitaro, tukagombana kuhusu mtaro wa nani unamwagia nani.

Ukuta wangu wa upande wa mto ulianguka mchana. Nilikuwa naosha sufuria. Haukupiga kishindo, uliteremka tu, polepole, kama mtu anayeketi. Nikabaki nimeshika sufuria, naangalia mto moja kwa moja kutoka jikoni.

Mlango wa pili aliishi Rosa, msichana wa kwetu Bungoma, na mume wake Barasa, anayefanya kazi ya mjengo. Rosa alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Nyumba yao ilikuwa bado imesimama lakini maji yalikuwa yamefika kitandani, na wameinua kitanda juu ya matofali. Alikuwa amekaa katikati ya kitanda hicho, amekunja miguu, anasuka ukili wa kikapu, kwa sababu hakukuwa na jambo lingine la kufanya.

"Dada, kwako pia?" akaniuliza.

"Kwangu hakuna tena kwangu," nikamwambia. "Inuka. Najua mahali."

Sikupanga kusema hivyo. Nilifikiri nyumba yako tu, sebule yako. Tukapanda mpaka Toi, vibanda vyote vimefunikwa nailoni, tukavuka Ngong Road, tukashika njia ya Dagoretti Corner. Barasa na godoro kichwani, mimi na sufuria na nguo, Rosa akisimama kila mahali penye ukuta ili aegemee. Kila akisimama tulimwambia pole, naye akasema "tuende" kwa hasira.

Baba Achieng' alifungua geti akiwa na mwavuli uliovunjika. Ndipo nilipoona nyumba kubwa. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya upande wa vyumba vya kulala. Sebuleni palikuwa na ndoo na sufuria kila mahali, na yeye na Achieng' walikuwa wamehamia jikoni, magodoro mawili kando ya jiko. Hakuwa ameniambia. Alifikiri nina shida zangu.

Alimtazama Rosa, akatazama tumbo lake, akatazama chumba cha nyuma, akaangalia chini. Nami nikaangalia chini.

Rosa hakujua tunachokwepa. "Dada, kile chumba kina mtu?"

"Hapana."

"Kina nini?"

Nilitafuta neno zuri, Mama. Nimekaa na wewe miaka yote hiyo, najua maneno. Yote yalinikimbia. "Matope," nikasema.

Rosa alianza kucheka. Alicheka akishika kiuno, maji yanamtiririka usoni. "Matope? Mmeyafungia ndani na kufuli, na sisi tumesimama nje na haya mengine?"

Barasa akamwambia anyamaze. Hakunyamaza.

"Nekesa," Baba Achieng' akasema, "wewe ndiye unayeyajua. Mimi najua tu kwamba aliyapenda."

"Yakilowa yatakufa, Baba. Lile refu limeshapasuliwa. Maji yakiingia yatachanganyika, hakuna mtu atakayeyasoma tena."

"Nimekusikia. Na huyu akilowa?"

Ufunguo nilikuwa nao mimi. Nilikuwa nimeuvaa shingoni tangu ulipozikwa.

Tuliyatoa jioni ile. Tuliyafunga kwa nailoni, tukayapanga chini ya ukingo wa paa nyuma ya jikoni, juu ya mbao, tukafunika na turubai la Barasa la kazini. Niliyapanga mimi mwenyewe. Achieng' alikuwa akinisaidia bila kusema neno, na nilifikiri amenikasirikia. Lile refu lilikuwa refu mno, lilitokeza nje ya paa hata tulipoligeuza. Nilitaka kuliweka jikoni, lakini jikoni ndiko walikolala mzee na mtoto wako.

Nilimpelekea Daktari ujumbe kazini, aje na gari ayachukue. Akasema atakuja mvua ikipungua.

Rosa alijifungua asubuhi moja ya wiki hiyo, mle ndani, sakafuni kwako palipo pakavu. Mkunga alikuwa yule mama muuza mboga wa mlango wa tatu kutoka kwenu, wewe ulizoea kusema bei yake ni ya wizi. Alikuja na viatu vya mpira na wembe mpya kwenye karatasi. Mtoto wa kike. Wakamwita Nafula, jina ambalo kwetu hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mvua; hawakuhangaika kulitafuta, mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka hatukusikiana. Baba Achieng' alipewa amshike. Alilia, Mama. Wakati wa mazishi hakulia mbele ya mtu, na siku ile alilia na mtoto wa watu mkononi, tukatoka wote tumwache.

Usifikiri kwamba baada ya hapo tuliishi kama malaika. Wengine walifuata. Shemeji yake Barasa na watoto kutoka mtaa wa Raila, na mzee mmoja wa Mashimoni aliyefuata godoro lake alilokuwa amemwazima Barasa, akabaki. Tuligombana kwa sababu ya jiko. Tuligombana kwa sababu ya mafuta ya taa yaliyoibwa, kila mtu akamjua mwizi isipokuwa mwenye mafuta. Mzee alikohoa mpaka watu wakataka ahamishwe, na Rosa, ambaye nilidhani hana ulimi mwingine zaidi ya wa kunicheka, ndiye aliyesema haendi popote. Alimpa upande wa ukutani, yeye na mtoto wakalala mlangoni. Kuna siku nilichukia kuwa na roho nzuri. Nilitamani kila mtu aende, nirudishe mabomba, nifunge mlango, nikae mle peke yangu na wewe.

Turubai lilipasuka na upepo siku ambayo nilikuwa kazini. Niliporudi nilikuta maji yanatoka kwenye bomba refu kama chai, kwanza ya rangi ya kahawia, kisha meupe. Ulikuwa ule mstari wako. Uliokuwa mnene kama kiganja, uliochukua karne kukaa, ulikuwa unateremka kwenye mtaro wa Kawangware pamoja na maganda ya ndizi. Nilipiga magoti nikajaribu kuziba kwa mikono. Kisha nikaacha, nikakaa palepale kwenye maji. Achieng' alikuja akanishika bega.

"Auntie, ingia ndani. Kuna mengine niliweka poa."

Sikumwelewa. Akanivuta mpaka chumbani, akaniinamisha. Kwenye kona karibu na godoro la Rosa, nyuma ya sufuria na nepi, kulikuwa na mabomba matano mafupi, makavu, yamefungwa kwenye shuka lako la maua. Aliyaficha siku ile ile tulipoyatoa. Hakuniambia kwa sababu alifikiri ningesema yanachukua nafasi ya watu. Na huenda ningesema.

Daktari alikuja hatimaye, akiwa na mabuti. Baba Achieng' alikuwa amejitayarisha kumgombeza, nilimwona anavyovuta koti. Lakini kijana hakutupa nafasi. Alitembea moja kwa moja mpaka nyuma ya jikoni, akaangalia, akauliza, "Lile refu?"

"Limekwenda," nikasema.

Akakaa juu ya jiwe la kufulia. Ndani, Nafula akaanza kulia, na Daktari akageuza kichwa.

"Kuna watu mle?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokutumia ujumbe."

Akafuta miwani yake kwa shati lililolowa, ikazidi kuwa chafu. "Nilidhani ni suala la siku mbili tatu," akasema. "Hata mimi ningeyatoa." Sijui kama ni kweli. Sidhani na yeye anajua. Lakini aliyabeba yale matano mwenyewe mpaka kwenye gari, kama mtu anayebeba mayai.

Yana matope ya juu, ukame mdogo mdogo na mafuriko madogo. Nimeshayasoma karibu yote. Ni kazi nzuri, ungeridhika nayo. Lakini ule wa chini, ule tusioujua, hatuna tena.

Rosa na Barasa walirudi Bungoma mvua ilipoanza kupungua. Walisema watatuma neno. Hawajatuma. Nimeulizia kwa watu wa kwetu, kila mmoja anasema amesikia wako salama, na hakuna aliyewaona. Shemeji yake Barasa na watoto ndio hao wa mwisho walioondoka wiki hii. Yule mzee alirudi Mashimoni akaugua tumbo wakati kipindupindu kilipopita, hatukumpata tena. Mimi nimejenga upya, karibu palepale, kwa sababu sina kwingine. Kwa Rosa wamejenga pia, kuna familia ngeni, hata mahali pa jiko ni pale pale.

Mwezi uliopita Daktari alinipeleka nyumbani na gari. Tulisimama juu kidogo, pale unapoona paa zote zikishuka mpaka mtoni. Mabati mapya yanang'aa, moshi unatoka kila mahali, saa ya kupika. Akaangalia akasema kwa furaha ya kweli, "Ona, wamesharudi!"

Na mimi nikasikia mdomo wangu ukimuuliza lile swali lako, kama ni wale wale.

Alizima gari. Kisha akaniuliza ni nani walikuwa wakiishi pale, na pale, na pale, nami nikamwonyesha kwa kidole, yupi alikwenda na yupi alikufa na yupi ni mpya. Giza lilipoanza kuingia bado nilikuwa namwonyesha. Siku ya pili alianza kutafuta gari la kwenda ziwani.

Tunaondoka Alhamisi. Achieng' amefunga shule na amesema lazima aje, na baba yake amekubali baada ya kuzunguka nyumba mara kadhaa. Mlinzi wa kule ametuma habari kwamba maji yamepanda mpaka kwenye miti, hata ile sehemu tuliyokuwa tukipiga hema iko chini ya ziwa. Itabidi tutafute mahali pengine pa kulala. Tutasukuma bomba jipya, na tukijaliwa tutaufikia mstari wako.

Sasa Baba Achieng' ameamka, anauliza kama nitakunywa chai. Acha nikuage.

Lala vizuri, Mama. Huku usihangaikie. Nakuahidi jambo moja tu, maana ahadi kubwa sina nguvu nazo. Tukilivuta bomba lile, sitakimbilia chini. Nitaanza juu kabisa, kwenye matope ambayo bado ni laini, ya mvua yetu hii. Na pembeni yake nitaandika majina ya watu, wote ninaowakumbuka, waliorudi na wasiorudi, ili atakayekuja baada yetu asilazimike kukisia.

Nitaanza na Rosa.

Wako,
Nekesa